Zinki

Miaka ishirini na sita, Baba Kageha,
ulirudi Ponda Mali na zinki chini ya kucha,
rangi ya kijivu ya makopo ya betri
isiyotoka kwa sabuni ya kipande wala kwa jiwe.
Niliisugua hadi nikachoka kuiona.
Sasa kiwanda kimefungwa, lango limeota magugu,
nami naenda mjini kukununulia zinki ileile
kwa shilingi elfu moja na mia nane, chupa moja,
vidonge sitini.

Kijana wa duka la dawa alisema haraka,
kama anayeuza viatu mvua ikinyemelea:
"Zinki na seleni, mama. Inang'oa sumu yote ya sigara."
Nikamkoholea kikohozi chako, chote, hadi mwisho,
ili ajue anazungumzia nini.
Akanipunguzia shilingi hamsini.

Daktari Cherotich hakuuza kitu.
Alikupa mrija, akasema puliza, puliza, usiache, puliza!
Ukapuliza mpaka mishipa ya shingo ikasimama
na mashine ikaandika kilima kifupi
ambacho hata mbuzi angekidharau.
Moshi, alisema, huacha cheche ndogo mwilini
zinazotafuna hata baada ya sigara kuzimwa,
na madini haya ni baadhi ya maji ya kuzizimia.
Nikafurahi. Akainua kidole.
"Kama yanamsaidia mtu aliyefika hapa, hatuna hakika.
Kilichobomoka hayakijengi.
Na seleni ikizidi, mama, nywele hutoka,
kucha hubanduka."
Nikazitazama kucha zako.

Nikayakumbuka mabati yetu.
Fundi Mukabane aliyapiga mwaka tuliompata Kageha,
akiwa juu huko, misumari mdomoni, akasema:
zinki hujitoa iliwe yenyewe kwanza
ndipo kutu ifikie chuma.
Usiku ule, ukiwa umeketi kitandani
mito mitatu mgongoni, ukivuta hewa
kama mtu anayenyonya uji kwa mrija uliopasuka,
nilijiuliza katika nyumba hii
ni nani anayeliwa kwanza.

Sikukuambia.
Nilikukaangia omena,
wewe uliyekataa miaka yote kula kitu kinachokutazama.
Mayai. Maharagwe. Mbegu za maboga,
nilizozimenya moja moja kama niliyepewa adhabu.
Daktari alisema madini yamo humo pia
na humo hayana mfuniko wa dhahabu.
Ulikula. Ulilalamikia chumvi.

Halafu Jumamosi, nikikusanya nguo za kufua,
mkono wangu ukaigusa ndani ya mfuko wa shati:
pakiti.
Umbo lilelile. Kona zilezile zilizochakaa.
Baba Kageha, nilisimama uani na beseni
nikiwa na maneno ya miaka ishirini na sita
yamejipanga foleni kwenye ulimi.
Nikaifungua nikuoneshe ushahidi wako.
Vidonge.
Kumi na vinne, vimelala ndani ya karatasi ya fedha
mahali zilipokuwa zikilala zile nyingine.

Ulikuwa mlangoni, umeshika fremu,
unasubiri pumzi ya kujitetea.
Ilichukua muda kufika.
"Mkono unaijua njia," ukasema.
Ukapumzika.
"Nimeuwekea kitu huko mwisho."
Tangu lini?
"Tangu mvua za Aprili."

Sikulia, nina nguo za watu.
Niliirudisha pakiti mfukoni,
nikalifua shati lile kwa kuuzunguka mfuko,
kazi ya kijinga, kola na mikono tu,
nikalianika likiwa na doa lake kavu kifuani.

Chupa inaisha Alhamisi.
Pesa niliyo nayo inatosha chupa nyingine
au trei mbili za mayai na nauli ya kliniki.
Sijaamua.
Mvua imeanza juu ya mabati,
inagonga pale pazima, inapenya pale palipotoboka,
na wewe, katikati ya sauti hizo mbili,
unapumua.
Nahesabu.